Jibu la Hereni Kubwa

Asubuhi ya mnada wa Katesh, Verediana alipanda lori la shamba akiwa amekwisha kukata shauri. Baba yake, mzee Margwe, alikuwa anashuka kutoka Tlawi, kwao milimani Mbulu, kuja kumchukua, na yeye hakuwa na nia ya kuchukuliwa. Lakini binti aliyelelewa na mzee Margwe habishani na baba yake mbele za watu. Angemwamkia kwa heshima zote, angeinamisha kichwa kama alivyofundishwa, na jibu lake angelivaa masikioni ili mzee alione kabla hajauliza.

Ujumbe ulikuwa umepitia kwa shangazi yake Fransiska, mke wa fundi wa matrekta kwenye shamba la ngano la serikali, upande wa Basotu. Verediana aliishi kwao tangu alipopata kazi ya kushona magunia ghalani. Juma lililopita shangazi alimwambia kwamba mama anaumwa, anamwita. Verediana alicheka, akaendelea kuosha vyombo. Na asubuhi hii shangazi aliingia chumbani macho mekundu, akasema baba yake atakuwa mnadani, penye malori, ili warudi pamoja nyumbani. Verediana akauliza mama anaendeleaje. Shangazi alijibu kwamba anaendelea hivyo hivyo, kisha akageukia kitanda na kuanza kukunja nguo zilizokuwa zimekunjwa tayari.

"Usijipambe," alisema bila kumtazama. "Jitande khanga tu. Huko juu kuna baridi."

Kujipamba na baridi vinahusiana wapi, Verediana hakuuliza. Alidhani anajua. Hapo ndipo alipokosea, maskini, na mimi simlaumu hata kidogo, kwa sababu waliomfundisha kutoamini ni hao hao waliomtaka aamini.

Pasaka ya mwaka ule walikuwa wamemwita kwa maneno yale yale. Mama ameteleza kwenye tope, nyonga imevunjika, fanya haraka. Msichana alisafiri akilia njia nzima, akapanda kilima cha Tlawi viatu mkononi, na mtu wa kwanza kumwona uani alikuwa mama yake, mzima wa afya, anachambua maharage huku ameficha uso kwa aibu. Ndani walikuwa wamekaa wazee wa ukoo wa kijana aitwaye Basili, waliokuja kumposa, na kibuyu cha pombe ya asali. Basili mwenyewe alikuwa pembeni ndani ya koti la kuazima. Alikuwa kijana mpole, mwenye shamba la vitunguu saumu na sauti nzuri ya kuimba kanisani. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu, kwamba hakuwa Gidamis.

Alfajiri yake Verediana alitoroka, na aliyemsaidia kutoroka ni mama yake. Walikwenda pamoja mpaka ukingoni mwa kilima, umande ukiwalowesha miguu. Mama alimwomba radhi kwa kushiriki ule uongo. Kisha akamuuliza habari za yule kijana wa Basotu.

"Anakunywa?"

"Kidogo, mama. Siku za sikukuu."

"Amewahi kukuinulia mkono?"

"Hapana."

"Basi mimi sina neno naye. Niachie baba yako. Nitamlainisha polepole, kama ninavyofanyaga."

Tangu siku ile Verediana alikuwa na mtu mmoja tu wa kumsemea Tlawi yote, na mtu huyo alimtosha.

Sasa tumtazame huyo Gidamis, maana ndiye chanzo cha yote. Alikuwa dereva wa kombaini, mrefu, mkimya, mtoto wa wafugaji wa Kimang'ati wa uwandani ambao mama zao huvaa shaba nzito masikioni mpaka ndewe zinaning'inia. Kombaini yake ilikuwa imeharibika beringi katikati ya mavuno, kwa hiyo siku hiyo alikuwa na ruhusa. Alikuwa amesimama mbele ya meza ya Mama Tadei, muuza mapambo, na sweta lake lilikuwa bado limejaa mabua ya ngano. Verediana alipomwona, alitembea polepole makusudi, ili amtazame kwa muda mrefu kidogo kabla yeye hajageuka. Alipogeuka, uso wote ulimfunguka. Mtu akikutazama hivyo mara moja maishani, hutaki tena kutazamwa na mwingine.

Alimwambia kwamba wanatafuta hereni. Gidamis alishangaa, kwa kuwa walikuwa hawajawahi kuzungumzia hereni, lakini hakukataa.

Mama Tadei alizipanga mbele yao kwenye ubao uliofunikwa kitambaa cheusi, zote za duara, zote rangi ya shaba. Kulikuwa na ndogo zinazokumbatia ndewe na kuishia hapo. Kulikuwa na za wastani zinazocheza kidogo ukigeuza shingo. Na kulikuwa na kubwa, mduara mzima unaofika chini ya taya, ambazo ukitembea nazo watu wanakuona tangu ng'ambo ya mnada.

"Shingo unayo, dada," Mama Tadei alisema. "Shingo kama hii kuipa hereni ndogo ni kuionea."

Verediana aliokota kubwa. Gidamis aliokota ndogo, akamwekea kwenye kiganja.

"Chukua hizi."

"Hizi za nini?"

"Za kumwamkia baba yako."

Alieleza kwa sauti ya chini, akiwa amempa mgongo Mama Tadei, ambaye naye alijifanya anahesabu shanga. Mvua za masika zilipokwisha alikuwa amepanda Tlawi na mjomba wake kujitambulisha. Alimwamkia mzee Margwe kwa adabu zote, shikamoo mzee, na mzee alimtazama kama anavyotazama nguzo ya zizi, akapita. Gidamis alikuwa amepigwa jua na kupigwa fimbo maishani mwake, lakini kunyimwa marahaba kulimwuma kuliko vyote. Alikuwa ameapa kwamba hatamchukua binti wa mtu kwa mlango wa nyuma. Angerudi mara ya pili, na ya tatu, mpaka aitikiwe.

"Ukivaa hizo kubwa," alisema, "atasema nimeshakugeuza Mmang'ati. Nitarudi kwake na maneno gani?"

"Hutarudi. Mimi ndiyo nimekuja kwenu."

"Sitaki uje hivyo, Vere."

"Mama yuko upande wetu. Atamlainisha."

"Mama yako si wanasema anaumwa?"

"Hata Pasaka walisema."

Gidamis aliichukua tena ile hereni ndogo, akaigeuza kati ya vidole vyake vyenye harufu ya dizeli.

"Na kama safari hii ni kweli?"

Swali hilo lilimkera Verediana kwa sababu usiku alikuwa amejiuliza mwenyewe na kulifukuza. Alimkazia macho. Alimwuliza kama na yeye amechoka, kama anatafuta njia ya kumrudisha alikotoka kwa upole. Gidamis alisema si hivyo. Verediana akamwuliza tena kama anajua atakachokikuta yeye Tlawi akipanda lile gari na baba yake, kwamba atamkuta Basili na lile koti, na safari hii mlango utafungwa kwa nje. Sauti yake ilikuwa inapanda, na watu waliokuwa wakichagua viatu jirani walianza kutega masikio.

"Vaa ndogo," Gidamis alirudia. "Mwamkie. Mwulize mama anaumwa nini. Ukiona anakudanganya, shuka hapo hapo, mimi nitakuwa nimesimama. Nakuomba."

"Nikivaa ndogo ataona binti anayerudi. Akiona kubwa atajua. Sitaki kubishana na baba yangu hadharani, Gidamis. Nataka aone tu, aondoke."

Walitazamana, na katika kutazamana huko Gidamis alishindwa. Wanaume wenye mapenzi hushindwa mapema, na yeye alikuwa na mapenzi mpaka kwenye kucha. Alilipa bila kupatana bei.

Sikio la kulia lilipokea bila shida. La kushoto lilikuwa limeanza kuziba, na waya ulikataa. Verediana alifumba macho kwa maumivu huku akimsimulia, kusudi ajisahaulishe, kwamba mama ndiye aliyemtoboa, kwa mwiba, akiwa mdogo sana. Alikuwa akimwekea kijiti cha unyasi mkavu, chembamba kwanza, kisha baada ya siku kadhaa kinene kidogo, kisha kinene zaidi, mpaka tundu likazoea. Hakuwahi kumharakisha hata siku moja. Gidamis alisikiliza, na wakati anasikiliza akausukuma waya taratibu mpaka ukatokea upande wa pili. Tone la damu lilitoka. Alilifuta kwa kidole gumba, na kidole kikabaki pale shavuni.

"Umekuwa kama watu wa kwetu," alisema.

Mama Tadei aliwashikia kioo. Verediana alijiona, shingo ndefu, miduara miwili ikimulika jua la asubuhi, na nyuma yake uso wa mwanamume aliyempenda. Alicheka. Nasema hivi kwa sababu ni kweli, na kwa sababu hakucheka tena muda mrefu baada ya hapo.

Malori yalikuwa yamejipanga upande wa barabara ya kwenda Babati. Mojawapo lilikuwa la shamba, limejaa magunia ya ngano, na dereva wake alikuwa amekubali kuwashusha abiria Dareda ili wapate gari la kupanda Mbulu. Mzee Margwe alikuwa amekaa kwenye jiwe karibu na gurudumu la nyuma. Alikuwa amevaa koti lake zito na ile kofia ya sufu ambayo haivui hata kanisani mpaka mkewe amkumbushe. Gidamis alibaki nyuma hatua chache, kama walivyokubaliana.

Verediana alitembea akiwa ameinua shingo. Hereni zilimgusa shavu huku na huku. Alipofika akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

Mzee hakuitika. Aliinua macho, akazitazama hereni, ya kulia, kisha ya kushoto yenye damu iliyokauka. Alizitazama muda mrefu sana.

"Umependeza," alisema.

Verediana hakuwa amejiandaa kwa neno hilo. Alikuwa amejiandaa kwa ukali, na ukali haukuja, kwa hiyo akayatoa yote aliyokuwa ameyabeba tangu Basotu, ingawa alikuwa ameapa kutosema kitu.

"Baba, mimi sirudi. Nimeshampata mtu, unamjua. Basili atafute mwingine. Mwambie mama asihangaike tena na mimi, mwambie niko salama."

Mzee Margwe aliinua mkono polepole, akaivua kofia.

Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa kipara. Kilikuwa kimenyolewa upya, na wembe ulikuwa umemkata mahali mahali juu ya sikio, kama unavyokata ukishikwa na mtu anayelia. Kwa watu wa Tlawi hakuna haja ya kuelezana kichwa kama hicho maana yake nini.

"Tumemzika jana," alisema. "Tulikungoja. Padri akasema haiwezekani kungoja zaidi."

Verediana alibaki akikitazama kile kichwa.

"Alikuwa anauliza umefika wapi. Nikamwambia uko njiani. Kila akiamka anauliza, nami namwambia uko njiani." Mzee aliikunja kofia mikononi mwake. "Pasaka nilikudanganya, ukaja mbio. Safari hii nilisema kweli."

Sijui kama kuna maneno mazito kuliko hayo ambayo baba anaweza kumwambia mwanawe bila kupandisha sauti. Verediana alikaa chini, pale pale kwenye vumbi, katikati ya miguu ya watu na ng'ombe. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuzishika zile hereni. Kwao mtoto wa marehemu haingii uani na pambo mwilini, na yeye alikuwa amelivaa la kumwonyesha mfiwa, akalitikisa mbele ya macho yake, akampa na salamu za kumpelekea mtu aliyekuwa tayari udongoni. Ya kulia ilitoka. Ya kushoto ilikwama. Aliivuta, akaivuta tena kwa nguvu, na damu ikaanza kutiririka shingoni.

Gidamis hakungoja kuitwa. Alipiga magoti, akaishika mikono ya Verediana, akaiweka magotini kwake, kisha akaifungua hereni taratibu kama alivyoiingiza. Mzee Margwe alikuwa ametazama pembeni, upande wa mlima. Kijana alipomaliza alisimama, akazitia hereni zote mbili mfukoni, akamgeukia.

"Shikamoo, mzee."

Mzee alirudisha uso kutoka mlimani.

"Marahaba," mzee alisema.

Ndiyo ile marahaba aliyoililia tangu masika. Ilikuja siku ambayo haikuwa na kazi tena, na Gidamis aliijua hivyo mara tu alipoisikia, maana mfiwa huitikia kila mtu.

"Pole sana, mzee."

"Tumeshapoa." Alivaa kofia yake. "Wewe ni mtu mzima, nitakwambia wazi. Wadogo zake wako pale nyumbani, wa mwisho bado anabebwa mgongoni. Sasa mama yao ni huyu. Aliyekuwa anakusemea kwangu ameondoka. Alikusemea sana, usidhani hakukusemea. Lakini mimi sina nguvu za mambo hayo. Nakuomba usije."

Angemfokea, Gidamis angejua la kufanya. Kuombwa na mzee aliyenyolewa kipara hakuna dawa yake. Aliinamisha kichwa, akasema amesikia.

Dereva alipiga honi. Mzee akatangulia kupanda juu ya magunia, akikanyaga gurudumu kwa taabu, na Gidamis akamsukuma kwa mkono mmoja mpaka akafika. Kisha wakabaki wawili chini, na muda wao ulikuwa ni ule wa dereva kufunga mlango.

"Tundu litaziba," Gidamis alisema.

Alichomoa bua la ngano kwenye sweta lake, akalivunja. Kipande kimoja hakikumfaa, akakitupa. Akachagua chembamba kabisa, akakilainisha ncha kwa meno, akamwingizia sikio la kushoto lililojeruhiwa. Kingine, kinene kidogo, akamwekea la kulia.

"Hili si pambo," alisema. "Hakuna atakayekukataza."

"Zile hereni mpe dada yako."

"Dada yangu ana zake."

"Basi ziuze."

"Nakuuliza wewe, Vere. Siyo mzee. Nije?"

Alimtazama yule mwanamume aliyemwomba asubuhi ile avae ndogo. Angemsikiliza, angemwuliza baba mama anaumwa nini, angepata msiba wake kama binadamu wengine, na labda kesho kungekuwa na la kuzungumza. Mapenzi yote yalikuwa bado usoni pake, hayajapungua hata chembe, na hilo ndilo lililomshinda kulitazama.

"Usije," alisema. "Nikikuona nitakumbuka kwamba asubuhi hii nilikuwa nacheka."

Alimpandisha juu ya magunia kwa mikono yake mwenyewe. Lori liliondoka. Gidamis alisimama barabarani mkono mfukoni, na Verediana hakugeuka, akijua kwamba akigeuka ataruka.

Barabara ilikuwa mbaya. Baba na binti walikaa juu ya ngano, upepo ukiwapiga, na ile shikamoo ya Verediana ilikuwa bado haijaitikiwa. Karibu na Nangwa lori liliruka shimo kubwa. Aliposhika sikio la kushoto, kijiti hakikuwepo. Alipapasa kwenye mikunjo ya khanga, akapapasa katikati ya magunia, akatafuta kama mtu aliyepoteza kitu cha thamani, mpaka akaanza kulia kwa sauti, kilio chenyewe sasa, cha mama.

Mzee Margwe alimtazama. Hakuwahi kutoboa sikio la mtoto hata mmoja, hizo zilikuwa kazi za mkewe. Aliinama, akachomoa bua lililokuwa limenasa kwenye mshono wa gunia, akalivunja kwa vidole vyake vizito na kumnyooshea.

Lilikuwa nene mno. Verediana alilipokea kwa mikono miwili, akalisukuma hivyo hivyo mpaka likaingia.